Kisu Kimoja kwa Nyama Zote

Tangu nistaafu na kuanza kukaa nyumbani nimeulizwa swali lilelile mara nne, na wote walioniuliza ni nyinyi wakaguzi wapya wa nyama wa Nakivale. Mnataka kujua mtu mwenye fedha kidogo anunue kisu gani cha kwanza, kisu cha maana, cha kutembea nacho mfukoni kila siku. Nikimjibu kila mmoja peke yake nitakauka koo, kwa hiyo nimechukua daftari. Habari za vyeo hamtazikuta humu, sikuwa na vyeo vya kujaza hata ukurasa. Nitaandika habari za visu, na habari za kosa nililolifanya nikiwa na kisu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika, kosa ambalo lilikaribia kuifunga kabisa bucha ya mtu asiye na hatia.

Nilifika Nakivale, makazi haya ya wakimbizi huku Uganda, mwaka 1997 nikitokea upande wa Uvira, Kongo, na mtoto wangu Noela mgongoni, sufuria moja, na cheti changu cha uuguzi wa mifugo kimekunjwa mara nane ndani ya mfuko wa plastiki. Cheti kilikuwa cha Kifaransa. Mtu wa kwanza niliyemwonyesha alikishika kichwa chini miguu juu, akasema ni kizuri sana, akanipa jembe. Nililima maharagwe na mahindi misimu mitatu. Kisha likaja shirika lililogawa mbuzi, likawa linatafuta mtu anayejua kumshika mnyama bila kupigwa teke, na cheti changu kikapata msomaji.

Kazi ilikuwa kutibu mbuzi na kuku siku za wiki, na kumsaidia mkaguzi wa nyama wa serikali aliyekuwa akija kutoka mjini Mbarara. Huyo aliitwa bwana Tumwine, mtu mrefu, mkavu, mwenye tabia ya kunusa kila kitu kabla ya kukitazama. Siku yangu ya kwanza machinjioni, ambapo machinjio yenyewe yalikuwa miti miwili na kamba, aliniuliza, akiniita nyabo kama kwao wanavyowaita akina mama:

"Nyabo, kisu yako iko wapi?"

Nikakitoa. Kilikuwa kisu changu cha jikoni, nilichokuwa nikikatia sombe, majani ya muhogo, tangu nilipofika.

Akakinusa, akakirudisha. "Hiyo si kisu. Hiyo ni kijiko imekonda."

Watu waliokuwa wakisubiri nyama walicheka, nami niliudhika, maana nilikuwa nimekinoa usiku uliopita. Tulikuwa na nguruwe mmoja pale. Akaniachia ulimi niukague. Nikakata, nikapanua, nikatazama, nikasema uko salama. Bwana Tumwine akachukua kisu chake, akaukata ulimi uleule kando kidogo ya pale nilipokata mimi, mara moja tu. Nyama ilifunguka kama kitabu. Ndani kulikuwa na punje tatu nyeupe za tegu, kubwa kama mchele uliovimba. Pale nilipokata mimi nazo zilikuwepo, ila kijiko changu kilikuwa kimeziponda, sikuona kitu. Mwenye nguruwe alikuwa na watoto sita, na wote wangekula ulimi ule jioni hiyo. Sikusahau, na tangu hapo sikumcheka mtu anayetumia muda mrefu kuchagua kisu.

Shirika lilinipa buti, koti jeupe na baiskeli. Kisu halikunipa. Niliambiwa kwamba katika orodha yao ya manunuzi kisu kiko kwenye ukurasa wa silaha, na mkimbizi hanunuliwi silaha. Panga lilikuwa kwenye ukurasa wa kilimo. Niliomba nipewe panga nikagulie maini, barua haikujibiwa.

Basi nikaanza kujitafutia mwenyewe, na nikafanya yale mnayoyafanya nyinyi sasa hivi: nikanunua kinachong'aa. Mchuuzi mmoja pale kijiji cha Misiera alikuwa na kisu cha kukunja chenye vitu kumi na kimoja. Kilikuwa na mkasi, kifungua chupa, kijiko, sindano, msumeno wa kukatia sijui nini, na tochi ndogo mkiani. Nilikipenda kwa sababu ya tochi. Wiki ya tatu, nikiwa nimekiingiza kwenye misuli ya taya ya nguruwe, kilijikunja chenyewe kikanikata kidole cha shahada hadi mfupani. Kovu mnalijua, mmeshawahi kuniuliza. Damu ilimwagika hata mwenye nguruwe akakimbia. Tochi iliendelea kuwaka vizuri.

Bwana Tumwine alinifunga kidole kwa kitambaa, akanipa kisu chake cha zamani kisichokunjwa, ndani ya ala ya ngozi, nikivae kiunoni. "Hii ndiyo kisu ya kazi," alisema. Ni kweli, kwa nyama hakuna kinachokizidi kisu kisichokunjwa. Nilikivaa siku nne.

Siku ya nne nilipita kwenye nyumba za watu waliokuwa wamefika karibuni kutoka Fizi, upande wetu wa Kongo. Nilikuwa nakwenda kumtazama mbuzi. Mwanamke mmoja alikuwa anatwanga nje, watoto wake wawili wanacheza. Aliniona kuanzia kichwani, macho yakashuka hadi kiunoni, akaacha mchi, akawakamata watoto mikono, akaingia ndani na kufunga mlango. Nikabisha.

"Mama, ni miye, dokta ya mbuzi."

"Tosha ile kisu kwanza," alijibu kutoka ndani. "Uende uiweke mbali. Mbali kabisa."

Mtoto mmoja alikuwa ameshaanza kulia. Nilisimama pale mlangoni nikaona aibu hadi masikio yakawa ya moto. Mimi pia nilitoka kwetu nikikimbia watu wenye visu viunoni, nikawa nimejivalisha kama wao na kwenda kubisha hodi. Nilikwenda nikaficha kisu kwenye migomba, nikarudi nikiwa nimeinua mikono. Alifungua baadaye, akanipa na maji ya kunywa. Jioni nikamrudishia bwana Tumwine kisu chake na ala yake.

"Nitatafuta cha kukunja," nilimwambia. "Kizuri, ambacho watu hawatakiona mpaka nyama iwe mbele yangu."

"Ile ya kukunja inakula damu," alisema. "Pale kwa kiungo. Utaosha namna gani?"

"Nitaosha."

Akanusa hewa, akaniacha na kichwa changu kigumu.

Niliuza maharagwe ya misimu miwili, nikapanda lori la ndizi hadi Mbarara. Nilikuwa nimeshaelekezwa duka, liko mtaa wa Nyamityobora, la mama mmoja wa Kiislamu aliyeitwa Hajati Mariamu, anayeuza misumeno, tupa, makufuli na visu. Ilikuwa asubuhi, amekaa nyuma ya meza na beseni la nyanya anazozichambua kwa ajili ya mchana. Nikamwambia nataka kisu cha kukunja kilicho bora kuliko vyote ambavyo fedha yangu inaweza kununua, na kwamba fedha yangu ni kidogo. Akatandika kitambaa, akapanga visu sita. Hapa ndipo msome polepole.

Cha kwanza nilikifungua, nikakishika mpini kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, nikakitikisa karibu na sikio. Kilisema ka-ka-ka. Kisu kinachozungumza kikiwa dukani kitapiga kelele kikiwa kazini, nikakirudisha. Cha pili kilikuwa kirefu kupita kiganja changu, kizuri cha kutisha watu tu. Kazi yetu inafanyika ndani ya vitu vidogo, tezi, moyo, mirija ya nyongo. Makali ya upana wa vidole vinne yanatosha, na yakizidi hapo unaanza kukata usichokikusudia. Cha tatu kilikuwa na tai aliyechongwa kwenye mpini. Kila unyoya wa tai ni shimo la kukaa mafuta na damu, na tai mwenyewe alifanana na kuku. Cha nne kilihitaji mikono miwili na meno kukifungua. Jiulizeni mtakifunguaje mkono mmoja ukiwa umeshika ini linaloteleza. Cha tano nusura kinipate. Kilikuwa kizuri, kizito, chuma chake kigumu sana, na Hajati alisema kweli kwamba hakiishi makali upesi. Lakini nilikuwa nimebeba jiwe langu la kunolea. Nikamwomba ruhusa, nikalipitisha kidogo, jiwe likateleza kama juu ya kioo. Kisu cha namna hiyo kinataka jiwe la namna yake, na jiwe hilo haliuzwi Mbarara. Kikiisha makali utabaki na kipande cha chuma cha gharama. Chukueni chuma ambacho jiwe lenu linaweza kukiuma.

Cha sita hakikuwa na sura. Mpini wa plastiki ya manjano, usio na nakshi, na skrubu mbili badala ya ribiti, maana yake kinaweza kufunguliwa na kuoshwa ndani. Rangi ya manjano ni nzuri kwa sababu uchafu unaonekana na kisu kikianguka kwenye nyasi kinaonekana. Nikakifungua, loki inayokizuia kisijikunje ikashika kwa sauti moja, tak. Nikakigeuza, nikaubonyeza mgongo wake kwenye ukingo wa meza kwa nguvu zangu zote, vidole vikiwa mbali, maana kidole cha shahada kilikuwa hakijasahau. Hakikutikisika. Nikakata karatasi ya gazeti kuanzia juu hadi chini bila kuichana. Kisha nikaziangalia nyanya. Hajati akalisogeza beseni upande wake, halafu akaona uso wangu, akanitolea moja. Kisu kiliingia kwenye ganda bila kulisukuma. Nyanya mnayotaka kujaribia iwe iliyoiva sana, ile ngumu hudanganya.

"Umejua kuchagua," alisema Hajati. "Ni ya kazi gani?"

"Ya kukagua nyama. Niko Nakivale."

"Nyama gani?"

"Nyama yote," nilisema, tena kwa kujivuna.

"Yote, yote?"

"Kila inayochinjwa inapita kwangu."

Akakitazama kisu, akanitazama mimi. "Basi chukua mbili. Hii weka. Nakupa mbili za pale chini, si mbaya, hazina loki nzuri kama hii, lakini chuma ni moja. Fedha yako itatosha."

Sasa mimi nilikuwa nimeshafanya biashara ya maharagwe, nikajiona najua maneno ya wafanyabiashara. Nikadhani ana visu vilivyomkalia. Nimelima misimu miwili ninunue kitu bora, halafu niondoke na viwili vya kawaida? Nikamwambia, Hajati, asante, nachukua hiki kimoja. Hakubishana. Akakifunga kwenye karatasi ya gazeti lilelile nililolikata, na kwa fedha iliyobaki nikanunua mafuta ya mashine na bisibisi ndogo. Hilo nalo liandikeni: asiyebakiza fedha ya kukitunza kisu hajamaliza kununua.

Kisu kile nilikipenda, sina haja ya kuficha. Kila jioni nilikiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikakitia dawa, nikakikausha. Jumapili baada ya ibada nilifungua skrubu, nikasafisha kiungo kwa mswaki, nikatia tone la mafuta. Bwana Tumwine alikinusa kwa miezi akitafuta kosa, akashindwa. Alipohamishwa aliacha kuja, nikawa nakagua peke yangu, na kwa kisu kile niliona minyoo ya ini ambayo watu wengine wangeipita.

Baada ya miaka kama mitatu akafika Swaibu. Alikuwa Munyankore Mwislamu kutoka Mbarara, kijana bado, na Waislamu walikuwa wameongezeka Nakivale, Warundi, Wakongo, Wasomali, na wengi walikula nyama kwa shida kwa sababu hawakuwa na mchinjaji wanayemwamini. Swaibu aliuza kiwanja cha urithi wake, akafungua bucha Misiera, chumba kimoja chenye wavu dirishani na vigae vyeupe mezani. Alichinja mwenyewe, kwa kisu chake, kwa dua yake. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali. Kwa mtu kama yule, kinachouzwa pale si nyama peke yake. Watu wanachokuja kununua ni uhakika kwamba nyama ile haina la kuwasumbua roho, na uhakika huo ukitoka, vigae vyeupe havisaidii.

Nami nilikuwa naikagua nyama yake, kwa kisu changu cha manjano. Na asubuhi hizohizo, kabla ya kufika kwake, mara nyingi nilikuwa nimetoka kukagua nguruwe kwa Wakongo wenzangu.

Mtasema, mama, hukujua? Nilijua kwamba Waislamu hawali nguruwe. Nani asiyejua? Lakini nilifikiri katazo liko kwenye nyama. Sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kukaa kwenye chuma kilichochemshwa na kutiwa dawa. Mimi nilifundishwa shuleni kwamba kitu safi ni kile kisicho na vijidudu, na kwa kipimo hicho kisu changu kilikuwa safi kuliko vikombe vya watu wengi. Na sikuuliza. Miezi saba nilisimama bega kwa bega na Swaibu, tukizungumza bei za ng'ombe na mvua na homa za watoto, na sikumuuliza.

Ilikuwa siku moja kabla ya Idd, mwisho wa Ramadhani. Swaibu alikuwa amechinja fahali wawili, na wateja walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wenye vikapu, wenye sahani, wote wamefunga na wote wana haraka. Nilikuwa ndani nakata moyo wa fahali wa pili. Akatokea Papa Wilondja, mchinja nguruwe wetu, mzee mcheshi kutoka Fizi ambaye hakuwahi kupita mahali bila kusalimia. Akachungulia kwenye wavu, akaniona.

"Dokta, jambo yako! Batu ya Misiera, muangalie ile kisu," akawaambia wateja kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Ile njo kisu! Asubui imepasula ulimi ya nguruwe yangu, tak, mara moja, haikuchoka. Miye niko na bisu ine na hakuna ata moja iko vile."

Alikuwa ananisifu, maskini. Nje, mwanamke mmoja aliyekuwa mbele akarudisha sahani yake ndani ya kikapu. Swaibu alikuwa anafunga nyama kwenye majani ya migomba, mikono yake ikasimama.

Papa Wilondja akatazama nyuso, akaona kwamba ameharibu kitu ingawa hakujua ni nini hasa, akaanza kutengeneza. "Ao labda ilikuwa ingine? Dokta, uko na bisu mbili, hapana? Njo vile, ako na mbili."

Aliniwekea uongo tayari mkononi, kazi yangu ilikuwa kuupokea tu. Nikawatazama fahali wale wawili. Nikafikiria kiwanja cha Swaibu. Ningesema ndiyo, vipo viwili, kila mtu angekwenda kupika, na Swaibu asingepoteza chochote. Nikiri kwamba mdomo ulishafunguka. Kilichonizuia ni yule mwanamke mwenye kikapu. Alikuwa ananiangalia mimi, si kisu, na alikuwa amefunga siku ishirini na tisa.

"Sina viwili," nilisema. "Ni hiki hiki."

Swaibu akageuka. "Leo tu?"

"Hapana."

"Tangu lini, Dokta?"

"Tangu ulipofungua."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka vile mchana kweupe. Hakunitukana. Alinawa mikono, akatoka nje, akasimama mbele ya watu wake. "Mumesikia," alisema. "Mimi sikujua, Mungu anajua sikujua. Lakini nyama ilitoka kwa mkono yangu. Hii siuzi. Mutafute kuku, mutafute mbuzi, munisamehe." Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba Swaibu alijua tangu mwanzo, kwamba mtu wa mjini huyu amekuja kuwalisha haramu kwa faida. Swaibu akafunga wavu.

Papa Wilondja alizunguka vijiji vyote vya Wakristo akinadi nyama ya fahali wale kwa bei ya kutupa, na machozi yanamtoka huku ananadi. Ilikwisha jioni. Waislamu wa Misiera wengi wao walisherehekea Idd ile kwa maharagwe.

Bucha ilikaa imefungwa. Nilikwenda kwa Swaibu siku ya tatu kumwomba radhi, nikamkuta ameketi kwenye kizingiti. Nikamweleza jinsi ninavyokichemsha kisu, dawa ninayotumia, skrubu za Jumapili. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sisi pia tuko na namna ya kuosha," alisema. "Mara saba, moja kwa udongo. Kama ungeniambia siku ya kwanza tungefanya. Hujaniuliza, Dokta. Kila siku uko hapa na hujaniuliza." Halafu akasema kitu kilichoniuma zaidi: "Wanasema nilijua."

Hilo ningeweza kulifanyia kitu. Ijumaa iliyofuata nilivaa koti langu jeupe, nikaenda kusimama nje ya uzio wa msikiti, nikasubiri watu watoke. Nilikuwa naogopa. Walipotoka nikapaza sauti nikasema mimi ndiye mkaguzi, kisu ni changu, kosa ni langu, na Swaibu hakuniuliza kwa sababu aliniamini. Wengine walipita bila kugeuza kichwa. Mzee mmoja Mrundi aliniuliza kama nimemaliza, nikasema nimemaliza, akasema basi nenda nyumbani mama, tumekusikia.

Wiki hiyo nilikwenda tena Nyamityobora. Hajati Mariamu alinikumbuka.

"Umepoteza ile ya manjano?"

"Hapana. Nimekuja kuchukua ya pili."

Akanitolea kisu cha mpini wa bluu, akakifunga kwenye gazeti. Angenisema ningepata nafuu.

Swaibu alipofungua tena, baada ya karibu miezi miwili, nilimwonyesha kisu cha bluu kwa furaha. Akatikisa kichwa. Mteja atajuaje ni kipi kimetoka mfukoni? Alikuwa ameshapigilia msumari ukutani, na pale msumarini ananing'iniza kisu chake mwenyewe, chenye mpini wa mbao, ambacho hakitoki nje ya mlango. Nitakagua kwa hicho. Vyangu vyote vitabaki nje, kwenye kikapu cha baiskeli. Na kabla sijakishika, ataniuliza mbele ya wateja, kwa sauti ya kusikika barabarani: "Dokta, leo asubuhi umeshika nini?" Nami nitajibu kwa sauti hiyohiyo. Nikisema mbuzi, nitanawa. Nikisema nguruwe, nitanawa mara saba, moja kwa udongo uliowekwa kwenye kopo pembeni, watu wakiangalia.

Miezi ya kwanza niliona anatumia swali lile kunidhalilisha. Mimi ni mtu mzima, nina cheti, nasimama nikijieleza kama mtoto aliyechafua nguo. Wateja walikuwa wachache, na nadhani baadhi walikuja kunitazama mimi. Lakini walisikia swali, wakasikia jibu, wakaona udongo. Mwanamke mwenye kikapu alirudi mwezi wa nne. Mwaka ulipoisha foleni ilikuwa imefika tena barabarani. Na kisu kile cha mpini wa mbao, nisiwafiche, kilikuwa kisu cha ovyo. Kilitaka kunolewa kila siku, nami nilikinoa kila siku, kwa jiwe langu.

Kwa hiyo jibu langu kwenu ni hili. Msitafute kisu kimoja bora kuliko vyote. Nunueni viwili vya wastani vya rangi mbili, vyenye loki, vyenye skrubu, vya chuma ambacho jiwe lenu linakiuma, na kila kimoja kiwe na kazi yake na ndoo yake. Na kabla hamjakitoa mfukoni mahali popote, mwulizeni mwenye nyama mnapaswa kukitoa namna gani. Kuuliza hakuna bei. Ningekuwa nimeuliza, misimu miwili ya maharagwe ingenitosha kabisa.

Mwaka huu wa 2015 nilipita Misiera kwa mara ya mwisho nikiwa kazini. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, fahali mmoja, wateja labda kumi. Swaibu ana mvi sasa. Niliegemeza baiskeli, nikaingia, nikasimama mahali pangu nikingoja swali. Alikwenda ukutani, akakitoa kisu kwenye msumari, akanipa mpini ukiwa mbele.

"Bwana Swaibu," nilimwambia, "leo umesahau kuniuliza."

"Sikusahau," alisema, akaendelea kupanga majani.

Nje hakuna mteja aliyelalamika. Nilinawa, nikausogelea moyo wa fahali, ikabidi nisimame kidogo macho yakauke ndipo nianze kukata.